Mashine Iliyokumbuka Nusu ya Jani

Andika hivi, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Newala, mama yangu Masasi; majina yao unayajua, yabaki ndani ya nyumba. Mimi shule sikusoma. Nilijifunza mbao hapa Keko, kwa fundi aliyenifundisha kwamba kazi ikisimama, jiriwa inayobana ubao ilegezwe, ili usibaki na alama.

Andika na la kwako, usiruke. Mama mmoja mjane alituletea mbao mbili za mninga alizoachiwa na mumewe, tumchongee kichwa cha kitanda kwa harusi ya bintiye. Uliipa mashine ya kuchonga vipimo vyote: ubao unapoanzia, kina cha kukata, mwendo wa kisu. Umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta inayoiongoza mashine haikujua lolote, kwa kuwa wewe ulipanga vipimo vihifadhiwe programu inapofungwa, nao umeme haukuaga. Tukakisia pa kuanzia. Kisu kikapita katikati ya ua lililokwisha kuchongwa, ubao ukawa kuni.

Mjane alipokuja kuuona hakupaza sauti. Alisema, "Fundi, umebaki mmoja. Huu hauna ndugu."

Nilikukaripia. Siku mbili ulikaa na programu yako, ukaifanya iandike kwenye faili kila mstari unapokwisha kuchongwa: vipimo vyote, na mahali kisu kilipofika.

"Sasa haisubiri kufungwa, Babu. Inaweka akiba huku inakwenda."

Tukaanza ubao wa pili. Umeme ukakatika tena, jani likiwa nusu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye jiriwa.

"Babu, usiguse!"

"Unamfokea nani?"

"Nisamehe, Babu, shikamoo, lakini usiguse! Faili linakumbuka ubao ulipo. Ukiusogeza, litakumbuka uongo."

Mafundi wa jirani wakacheka. "Mzee leo kapata bosi!"

Nikaondoa mkono. Umeme uliporejea, programu ilisoma faili, ikauliza kama iendelee. Ukabonyeza. Kisu kilirudi kwanza kwenye kona yake ya kuanzia, kisha kikashuka palepale kilipoachia. Nilipitisha kidole mara tatu kwenye jani lile, nisipate palipoungwa. Nimechonga tangu ujana, na sijawahi kurudia kazi iliyokatika bila mkono kupapasa kwanza.

Mjane aliondoka na ubao wake umekamilika.

Basi nakuagiza. Vipimo vya kila mti viwe na faili lake, kwani mninga si mkongo. Nakala ya pili iweke nyumbani. Karakana ina vumbi na wezi. Na uhifadhi kilichopimwa tu. Ulichokisia, usikihifadhi.