Mkono Ulioshikwa Katika Chapa ya Kale

Padri mmoja Mzungu, alipokuwa akirudi kwao, aliniachia chapa ya zamani, picha iliyochongwa kwanza katika ubao, ikapakwa wino, kisha ikagandamizwa juu ya karatasi. Ilikuwa shukrani yake kwa kuwa nilimnyooshea hati zake katika ofisi ya vizazi na vifo, nilikotumikia hadi kustaafu. Inaonyesha Kifo katika umbo la mifupa mitupu, kikiwaongoza watu wa kila cheo: mfalme, askofu, mfanyabiashara, karani aliyekumbatia daftari, na mwishoni mwanamke wa kawaida aliyeshikwa mkono. Wachongaji wa Ulaya ya kale walitengeneza nyingi za namna hiyo, ili mwenye cheo asijidanganye. Nami, niliyeandika vifo vya wakubwa na wadogo katika daftari moja kwa wino uleule, niliiona kuwa ni picha ya haki. Niliitundika sebuleni kwangu, mtaa wa Kinanira.

Mke wangu aliifuta vumbi kila Jumamosi, akinitania kwa yule karani. "Huyu ni we kabisa. Hata kifo utakiambia kipange mulolongo."

Alifariki mwaka jana. Siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, wageni walikuwa wamekwisha kuketi chini ya turubai, vinywaji vimepangwa, wakitusubiri sisi wa familia tukutane kwanza sebuleni. Dada yake mkubwa alisimama mlangoni, asivuke.

"Shemeji, mi siingii. Utoe ile kitu kwanza."

Yeye ndiye mkubwa wa upande wao. Bila yeye matanga yasingefungwa. Hata hivyo nilikasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo. Nilimweleza, hoja baada ya hoja, kwamba cheti cha daktari kinataja figo, wala hakitaji picha. Kwamba chapa ile ilikaa ukutani miaka mingi, na nyumba nzima ikiwa na afya.

"Nani amekuambia picha ilimuua? Mi si mujinga. Angalia ule mwanamuke wa mwisho. Nani anamushika mukono?"

"Kifo," nilijibu.

"Apana. Ni mi nilimushika. Kutoka asubuhi, mpaka mukono ikawa baridi. We ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya hospitali, nikifuatilia muhuri wa karatasi ya kumhamishia kwingine. Alilijua hilo. Na nilipokwenda kuandikisha kifo cha mke wangu, nilitia saini kama mtu aliyekuwepo alipokata roho. Katika utumishi wangu wote, nimewarudisha nyumbani watu wengi waliojaribu kuapa hivyo.

Nilipanda juu ya kiti, nikaitungua chapa, nikaiweka chumbani, uso ukielekea ukutani. Ndipo alipoingia, akaketi.

Chini ya turubai, zamu yangu ya kusema ilipofika, niliacha karatasi niliyoiandaa. Niliwaambia wageni kwamba mke wangu hakufa mbele yangu, ingawa ndivyo daftari linavyosema. Kwamba dada yake ndiye aliyemshika mkono hadi mwisho, na kwamba nitakwenda kuomba daftari lisahihishwe. Nilimshukuru kwa asubuhi ile. Nilimshukuru pia kwa kunikatalia mlangoni, kabla sijasimama kusema uongo mbele ya watu. Nikaanza kumshukuru tena.

Akanivuta koti. "Kaa, shemeji. Watu wako na kiu."