Ndege wa Kwao Bwana Salim

Jamani, kiherehere changu cha ualimu kimeniponza. Mzungu wa misheni, alipokwenda kupanda meli arudi kwao, aliniachia bata mzinga. Nilikuwa nimesoma kwamba jina lake la Kiingereza, turkey, latokana na Uturuki, nchi ya Waislamu. Basi siku ya Idi nikambeba akiwa hai, wamchinje wenyewe, hadi kwa Bwana Salim, muuza nguo wetu hapa Mwingi, ambaye sote humwita Mwarabu.

"Nimekuletea ndege wa kwenu!" nikatangaza, duka limejaa watu.

Memsabu wa zahanati, aliyekuwa akichagua uzi, akacheka. "Mwalimu, huyu asili yake ni Amerika. Wazee wetu kule Uingereza waliona waliomleta ni wafanyabiashara wa upande wa Uturuki, wakampa jina la huko."

Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Salim hakucheka. Alimpokea ndege, akampapasa mgongo, kisha akaniambia kwa Kikamba kilichonyooka kuliko changu:

"Asante, mwalimu. Mimi na huyu tumefanana. Mama yangu ni Mkamba, na alinizaa papa hapa, nyuma ya duka hili."