Kidole cha Mama Mdogo

Kilichoninyima usingizi ni jibu la hospitali, na jibu lenyewe lilikuwa zuri. "Kidonda kinaendelea vizuri. Tuma picha nyingine kesho." Lilikuja upesi mno. Nilikuwa hata simu sijaiweka chini. Nikajiuliza ni nani huyo aliyetizama tumbo la mama yangu, akafikiri, akaandika, yote hayo kabla sijavuta pumzi.

Mama alikuwa amepasuliwa ngiri ya kitovu katika hospitali moja hapa mjini, akaruhusiwa mapema. Siku hizi hawamweki mtu kitandani. Wanamtilia programu kwenye simu: kila siku upige picha ya mshono, ujibu maswali machache juu ya joto, maumivu na majimaji, na wao huko wataona kama kidonda kinaingia vijidudu. Baba yuko Salala, kusini ya mbali, kikazi. Mimi nimemaliza chuo, natafuta kazi, mchana kutwa nipo nyumbani. Kwa hivyo programu ikatiwa kwenye simu yangu.

Lakini picha nisingeweza kuipiga mimi. Mama hawezi kumfunulia tumbo mtoto wa kiume, hata kama amemzaa kwa tumbo hilohilo. Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Mdogo wake alikuwa akija kila asubuhi kutoka kwake, mtaa wa Bustan, wanajifungia chumbani, anapiga picha kwa simu yake, ananirushia, mimi naipeleka hospitali.

"Tuma tu, usitizame!" Mama alikuwa akinipigia kelele kutoka ndani.

"Nitatumaje kitu nisichokitizama?"

"Fumba jicho moja," alijibu mama mdogo, wakacheka, yeye zaidi kuliko Mama.

Nilitizama. Kwanza kwa aibu, kisha kwa shaka. Picha zote zilikuwa safi: mstari mwembamba wa mshono, na ngozi laini kama ya tangazo la sabuni. Mama niliyemwona sebuleni hakulingana nazo. Alikuwa akiinuka kwa kushikilia kochi. Alikuwa ameanza kufukiza udi chumbani asubuhi, na kwetu udi ni wa alasiri, wageni wakija. Nikafikiri: anaficha harufu. Halafu nikafikiri: mtoto gani huyu anayemfikiria mama yake hivyo?

Na mkono pia. Kila asubuhi naubusu mkono wake, tangu mdogo. Siku hizo nilimkuta ameshika glasi ya maji ya barafu. Akiniona anaihamishia mkono wa pili, ananipa ule uliokwisha kupoa. Mtu mwingine angesema ana kiu. Mimi nilirudi chumbani kwangu nikalifikiria jambo hilo mpaka adhana ya adhuhuri.

Sababu ya kuficha, kama kweli alikuwa anaficha, niliijua. Binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa Alkhamisi. Mama ndiye aliyemchagulia kitambaa cha nguo, ndiye aliyekwenda kuonja biriani ya mpishi na kuikataa. Akirudi hospitali na kidonda kibaya watamlaza, na harusi itapita yeye yuko kitandani. Basi nikawashuku wote wawili: mmoja ana kidonda, mwingine ana harusi. Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, akanivumilia nilipougonga ukuta wake. Nikamshuku vilevile.

Asubuhi moja niliikuza picha kabla ya kuituma. Pembeni kilionekana kidole gumba cha mama mdogo, kimeshikilia upindo wa kanga. Nilikitizama kwa sababu ndicho kitu pekee mle ndani nilichokuwa na ruhusa ya kukitizama. Kilikuwa kidole cha msichana, hakina mkunjo wala alama. Nikasema, hii si picha ya leo. Nikasema tena, labda hata si tumbo la Mama. Mama mdogo alipotoka chumbani kunimiminia chai, nikakiona kidole chenyewe kwenye mkono wa birika. Kilikuwa kimeungua mafuta alipokuwa akikaanga visheti vya harusi, alama nyekundu imevuka kiungo, ngozi imekunjamana kama ya watu wote wa umri wake.

"Unatizama nini? Unataka kunivisha pete?"

"Mama mdogo, hebu nipe simu yako."

"Alaa! Nna siri zangu humo."

"Nataka kamera tu."

Akanipa. Kamera ilikuwa imewekwa kulainisha ngozi, tena mpaka mwisho. Nikakipiga picha kidole chake: alama imefutika. Nikauzima ulainishaji ule, nikapiga tena: alama hiyo hapo, nyekundu.

"Mwanangu, ndo mana n'kainunua simu hii," alisema. "Inanipunguzia miaka. Sikujua kama na vidonda..."

"Wewe ukikitizama kwa macho yako, kikoje?"

Aliuangalia mlango wa chumba. "Kimepiga wekundu. Nikamwambia. Akanambia hospitali washakiona, wamesema kizuri. Mie nani nibishane na hospitali?"

Tukasimama mlangoni kumwomba Mama apigwe picha nyingine.

"Nishapigwa leo," alijibu kutoka ndani. "Mie si biharusi."

"Mama, picha zote zimesafishwa na simu."

"Wasiwasi wako huo. Mtu anarudia udhu mara tatu, leo ataniambia mie habari ya kidonda changu?"

Kuhusu udhu alikuwa amesema kweli. Nikarudi sebuleni, nikafungua programu, nikaanza kuandika kwenye nafasi ya maelezo. Nikaandika, nikafuta. Kama wekundu ule ni wa kawaida, nitakuwa nimemharibia harusi aliyoingojea mwaka mzima. Kama si wa kawaida, kila sentensi ninayoitengeneza inaupa uchafu wa kidonda nafasi ya kuzama zaidi. Nikaandika upya, kwa adabu zaidi. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya alama ya kutuma ndipo nilipojua ninachokiogopa: kwamba jibu litakuja upesi, litakuwa zuri tena, na mimi nitalipokea kwa furaha kwa kuwa ndilo ninalolitaka.

Nikafuta yote. Nikaitia simu mfukoni, nikagonga mlango, nikaingia bila kungojea ruhusa. Mama akanyoosha mkono kuifuata glasi. Nikainama nikambusu kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Mama, vaa abaya. Tunakwenda hospitali."

"Na Alkhamisi?"

"Sijui habari ya Alkhamisi."

"Utanilaza wewe. Watu watacheza, mie nimefungwa dripu."

"Ndiyo, nakulaza mimi. Nikasirikie mimi."

Akamgeukia mdogo wake kutaka msaada. Mama mdogo alikuwa ameshaishika abaya, anatafuta mikono yake.

"Yallah, dada. Yule mama mkwe wa mwanangu peke yangu simwezi. Wahi upone."

Njia nzima Mama hakusema nami. Alisema na mama mdogo, juu ya mpishi, juu ya viti, kana kwamba gari linajiendesha lenyewe. Hospitali, nesi aliuliza jina, akafungua kompyuta, akapitisha picha zetu moja baada ya moja. Akatabasamu. Kwa Kiarabu akatuambia kila kitu kinaonekana kizuri, tungeweza kuendelea kutuma tukiwa nyumbani. Mama alinitizama kwa mara ya kwanza tangu tutoke, na akaanza kuufunga mkoba wake.

"Picha hizo zimelainishwa na simu," nilisema. "Ana homa, na kidonda ni chekundu. Simwondoi hapa mpaka mtu akitizame kwa macho."

Nesi akavuta pazia. Mama mdogo akaingia naye, na mimi nikabaki nje na mkoba.