Usaili Nyuma ya Ukuta

Mara ya kwanza nilipoomba kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi na ukunga, nilikosa nafasi kwa sababu ya adabu. Nimelelewa Idodi, na mama yangu alinifundisha kwamba mtu mzima akikuuliza jambo unainamisha macho, unajibu kwa kifupi, unanyamaza. Kwenye usaili walikaa watu wazima watatu. Wakaniuliza, nikainamisha macho, nikajibu kwa kifupi, nikanyamaza. Baadaye nikaambiwa sijiamini. Mimi huyu, ambaye wodi nzima ya wazazi pale Mbeya inajua kwamba hasira zangu za Kihehe zikipanda hata madaktari wanatafuta njia nyingine ya kupita.

Mwaka uliofuata nikaomba tena. Safari hii palikuwa na jambo zaidi: mwajiri alikuwa amenipa ruhusa ya kwenda masomoni kwa mwaka huo tu. Nikikosa, nafasi inakwenda kwa mwenzangu, na mimi narudi mwisho wa foleni, pengine mpaka wanangu wamalize sekondari. Niliitaka ile shahada kwa moyo wangu wote, na nilikuwa naogopa.

Mtu wa kunisaidia alikuwepo, tena nyumbani kwangu. Baba mkwe alikuwa mkufunzi wa wauguzi mpaka alipostaafu, na katika kazi hiyo alikaa kwenye meza za usaili mpaka akazichoka. Alikuwa amekuja kwetu kutoka Tukuyu kutibiwa macho, yeye na mama mkwe, wakafikia kwenye chumba cha uani tulichojenga kwa ajili ya wapangaji. Tatizo ni kwamba mimi na yeye hatukuwa tumewahi kuzungumza.

Hatukuwa tumegombana. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Ukimwona anakuja unaiacha njia. Hamkai chini ya paa moja, hamli pamoja, hamsemeshani. Ni heshima. Siku hizi wengi wameiacha, hasa wa mjini, lakini mzee wangu hakuiacha, na mimi nilipoolewa niliikuta nikaishika. Miaka yote ile nilimjua kwa kikohozi chake na kwa kofia yake ya sufu iliyoanikwa kwenye kamba. Yeye, nadhani, alinijua kwa chumvi niliyotia kwenye mboga.

Jioni moja nilikuwa jiko la nje, nageuza ndizi kwenye sufuria huku nikimlalamikia mama mkwe habari za usaili. Jiko hilo na kibaraza cha mzee vimetenganishwa na ukuta wa matofali ya kuchoma. Mama mkwe alipenda kukaa pale ukuta unapoishia, mahali anapotuona wote wawili, akimenya viazi. Upande wa pili kikohozi kikasikika, kisha sauti.

"Mama, mwambie huyo aseme kwa nini anataka kusoma."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema useme kwa nini unataka kusoma. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Majirani nao walikuwa wamesikia.

"Mama, mwambie baba nataka kuongeza ujuzi ili nilitumikie taifa."

"Anataka kuongeza ujuzi alitumikie taifa," mama mkwe akasema kuelekea kibarazani, bila kuacha kumenya.

Sauti ikarudi: "Mwambie hayo yameandikwa kwenye kila ombi nililowahi kusoma. Ajibu kama mtu."

Ningeambiwa hivyo na mtu mwingine ningeacha ndizi ziungue. Lakini utamgombezaje mtu ambaye hamsemeshani? Nikameza hasira yangu, nikakoroga sufuria, nikafikiri. Pale jikoni nikagundua kitu cha ajabu: kwa kuwa sikumwona mzee, sikuwa na pa kuinamishia macho. Nikaanza kusema.

Nilimsimulia mama mkwe, ili amsimulie baba, habari za Chunya, nilikoanzia kazi. Tulikuwa na nyumba ya kusubiria kujifungua, safi, yenye vitanda na maji. Kina mama wa vijiji vya mbali walikuja wakiwa na tumbo kubwa, kisha kabla ya siku zao wanatoroka usiku. Sisi manesi tukawasema kwamba ni wakaidi. Mpaka siku moja nikamfuata mmoja mpaka kwake, nikamkuta ameinama anachochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Mumewe alikuwa machimboni anatafuta dhahabu. Moto ule ukizimika, jasho lao la msimu mzima limekwenda na maji. Akaniambia, "Nesi, mtoto atanisubiri, tumbaku haisubiri." Nilitaka kumfokea, nikaacha. Tangu hapo nimekuwa na swali ambalo ujuzi wangu hautoshi kulijibu, na ndiyo maana nataka kusoma.

Mama mkwe alikuwa ameacha viazi. "Yote hayo nimwambie?"

"Amesikia," sauti ikasema. "Mwambie hilo ndilo jibu. Na mwambie ndizi zinaungua."

Zilikuwa zinaungua kweli.

Basi ikawa desturi yetu. Nikitoka zamu navaa kanga, nawasha mkaa, na mzee anakohoa. Kikohozi kile ndicho kilikuwa kengele ya darasa. Mwambie anieleze kwenye utafiti wake atawauliza kina mama wangapi na kwa nini hao. Mwambie amerukia hitimisho. Mwambie asijibu haraka, si moto wa bani huo. Mume wangu akirudi kutoka dukani kwake Mwanjelwa, anakouza mchele, alikuwa anasimama getini anacheka peke yake. "Wengine wanasoma kwa mtandao," akasema, "mke wangu anasoma kwa matofali." Mama mkwe alianza kulalamika kwamba naye apewe shahada, na kwa kweli alistahili. Siku nyingine baba akiuliza, yeye ndiye alijibu kabla yangu, tena vizuri. Nilifurahi jioni zile kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nachoka kazini nakuja kuchoshwa nyumbani, na bado narudi jikoni nikiwa na hamu.

Siku ya usaili ikafika. Ulikuwa kwa njia ya mtandao, kwa Kiingereza. Mume wangu akaondoka na watoto, nikafunga mlango wa sebule, nikaweka kompyuta juu ya vitabu ili kamera inielekee usoni. Wakatokea watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa mzee wa mvi; mama mmoja mwenye miwani; na kijana aliyekuwa anaandika. Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilijieleza, nikaangalia kamera, Kiingereza changu kikatembea.

Kisha mwenyekiti akakohoa. Akakohoa, akauliza: kwa nini unataka kusoma shahada hii?

Kile kikohozi kilinipeleka moja kwa moja jikoni. Nikageuza uso pembeni kwenye kioo cha kompyuta, alipokuwa yule mama mwenye miwani, na kwa Kiswahili kizuri kabisa nikamwambia: "Mama, mwambie baba kwamba nilipokuwa Chunya…"

Kijana aliacha kuandika. Mama yule akatazama kamera kama mtu aliyetumwa dukani bila kuambiwa akanunue nini. Nikaona ruhusa yangu, masomo yangu, jioni zote zile, vinaporomoka mbele ya macho yangu, na macho yenyewe yakaanza kushuka kwenda sakafuni kama mwaka uliopita.

Mwenyekiti akaisogelea kamera. "Umeolewa Rungwe, kwa Wanyakyusa?" akauliza, naye kwa Kiswahili.

"Ndiyo, mzee."

"Mkweo ni mzima?"

"Mzima. Ndiye aliyenifundisha usaili. Nyuma ya ukuta."

Alicheka mpaka akakohoa tena. Alipotulia akamgeukia yule mama. "Profesa, tafadhali mwambie mkwe wa watu aendelee. Ila kwa Kiingereza."

"Anasema uendelee," profesa akaniambia, midomo ikimcheza.

Nikaendelea. Niliyasema ya Chunya yote, bani, moto, yule mama na neno lake, na sikuinamisha macho hata mara moja. Waliniuliza maswali magumu, na mengi nilikuwa nimeshaulizwa na matofali.

Baada ya hapo ni kusubiri. Nilisubiri vibaya, nilifokea hadi kuku. Majibu yalikuja jioni, kwenye simu, nikiwa jikoni. Nikayasoma mara mbili huku mikono ina unga. Nimechaguliwa. Nikafungua mdomo kumwita mama mkwe, nikakumbuka ameenda kwenye maombi ya jumuiya. Mume wangu yuko dukani. Watoto wako kwa jirani. Upande wa pili wa ukuta nilisikia kiti cha mzee kikilia, kwa hiyo alikuwepo, na pale ukuta unapoishia palikuwa na kigoda kitupu.

Ningeweza kusubiri mama arudi. Nilijaribu, nikashindwa. Nikafuta mikono, nikausogelea ukuta.

"Ukuta," nikasema, "mwambie baba nimepata."

Mara hiyo hiyo nikajuta. Nikadhani nimemkosea mzee wa watu. Kisha akakohoa, lakini si kile kikohozi cha darasani. Kilikuwa cha mtu anayetafuta sauti yake.

"Ukuta," akasema, "mwambie mwanangu nimefurahi sana."

Hakuniita huyo, wala mke wa fulani. Machozi yalinitoka pale pale, nikaacha yatoke. Ukuta haukuniuliza kama nimesikia. Nikajibu mwenyewe.

"Nimesikia, baba," nikasema, wala sikumwambia mtu anifikishie.