Bangalore waliniuliza mbona wafugaji wangu wote wana ng'ombe sifuri

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, kwenye vumbi na harufu ya nyama choma. Kisa hiki nimekibeba miaka mingi. Nitaandika niliyoyaona, na pale nimesahau nitasema nimesahau.

Siku hiyo kule Bangalore, India, chumbani tulikuwa wanne: mimi, ndugu yangu Wafula, Bwana Raghu aliyekuwa anasimamia hub, kituo cha kuinua kampuni changa za teknolojia, na Bi Lata, ambaye ndiye alikuwa na kauli ya mwisho juu ya nani asaidiwe na nani arudi kwao. Wengine wawili walikuwepo kwa simu tu. Nekesa, kitinda mimba wetu, alikuwa Kitengela akilinda kompyuta. Mzee Sankale, mteja wetu wa Kimaasai, alikuwa Rombo na mifugo yake.

Turudi nyuma kidogo ndio tuelewane.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alifanya kazi Magadi na tulikuwa tunaishi nyumba za kampuni, kwa lile joto lenu mnalolijua. Wazazi walipotutoka, mmoja akimfuata mwingine, nyumba ikarudi kwa wenyewe na mimi nikaacha shule Form Two. Watu wa ukoo walitaka kutugawa, huyu aende kwa shangazi, yule kwa amu. Nilikataa. Nikachukua wadogo zangu wawili tukahamia Kitengela.

Nimefua nguo za watu. Nimechomea wachimba mawe mahindi pale quarry. Mwishowe nikapata kibanda cha kupigisha simu, enzi zile simu haikuwa ya kila mtu.

Wateja wangu wengi walikuwa wafugaji, na karibu wote walikuwa wanapiga simu ya aina moja: mbuzi zinaendaje Bissil? Fahali ni pesa ngapi Kajiado? Mtu hawezi kuswaga mifugo siku mbili halafu akute soko limelala.

Simu zilipoenea, nikaanza kuwatumia hizo bei kwa SMS. Wafula, niliyekuwa nimemsomesha computer college, akaandika program. Kompyuta moja ya mtumba, simu moja imeunganishwa na waya, na hiyo ndiyo ilikuwa kampuni. Mimi founder, yeye engineer, Nekesa kila kitu kingine.

Wateja wakawa wengi kuliko mashine. Ikawa inaganda kila jioni. Wafula naye alikuwa ameitwa kazi Nairobi, kazi ya mshahara, na sikuwa na haki ya kumzuia tena. Tukakubaliana: hub ya Bangalore, tuliyokuwa tumeiandikia kuomba msaada, ikitupa nafasi kwa server zao na mtu wa kutusaidia mwaka mmoja, anabaki. Ikikataa, anaenda, na huduma tunafunga.

Hub ikatualika, tiketi juu yao. Wakaomba kitu kimoja tu kabla ya safari: tuulize kila mteja ana ng'ombe wangapi, ili wajue ukubwa wa soko letu.

Tukatuma hilo swali. Majibu yakarudi.

Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mmoja aliandika "hakuna". Mwingine akaandika "kwani wewe ni nani".

Wafula alipekua program yake mstari kwa mstari na hakuona kosa. Tukapanda ndege tukiamini kuna mdudu ndani ya program anameza namba.

Bangalore kwenyewe, wakuu, nilipapenda. Majengo ya vioo, vijana wamevaa vitambulisho shingoni wanatembea mbio mbio, na katikati ya barabara, ng'ombe! Wametulia tu, magari yanawazunguka.

Wafula akanishika mkono. "Dada, tumezunguka dunia yote kuja Namanga Road ya kwetu Kitengela?"

Tulicheka mpaka dereva akageuka kutuangalia.

Lakini ndani ya kile chumba hakukuwa na kicheko. Bi Lata aliweka majibu ya wateja wetu kwa screen. Alikuwa mama wa makamo, sari ya kijani, miwani kwa ncha ya pua. Tuliongea Kiingereza, changu cha Form Two na chake cha kasi.

"Madam," akaniambia, "unauza bei za ng'ombe kwa watu wasio na ng'ombe. Ama wateja ni wa uongo, ama program ni mbovu. Ni gani?"

Wafula aliangalia viatu vyake. Bwana Raghu, mtu mpole, akasema twende lunch, tukirudi tuwe na jibu.

Sikula. Wafula alikuwa ameenda lunch na simu yetu, kwa hivyo nilitafuta kibanda cha simu, na wakuu, kukaa upande wa mteja kulinipa adabu. Nikampigia Mzee Sankale, mteja wangu wa tangu mwanzo.

"Takwenya!" akanisalimia.

"Iko," nikaitikia kwa Kimaasai. "Mzee, niko India."

"India! Kumenyesha huko?"

"Mzee, uliandika uko na ng'ombe sifuri. Na mimi nimefika kwako, nimeona boma limejaa."

Akacheka hadi akakohoa. "Sasa ulitaka niandike ngapi?"

"Wale uko nao."

"Nihesabu ng'ombe zangu, halafu nitume hiyo hesabu kwa hewa, isomwe na mtu sijui ni nani? Unataka ziishe? Wewe binti, umekaa na sisi miaka yote hii ukinywa chai yetu bure?"

"Lakini Mzee, hapo si ulidanganya?"

"Nimedanganya nani? Ile ni mashini. Uliza swali la mtu mwenye adabu."

"Kama gani?"

"Uliza rangi. Rangi nitakuambia mpaka simu yako ilie."

Nilikata simu nikijua Mzee ana haki. Kwa sababu hata mama yangu, Mluhya wa kanisani kila Jumapili, akiulizwa ana watoto wangapi alikuwa anasema, "Ni hao unaowaona." Hakuna siku alitaja namba. Mimi niliyelelewa hivyo ndiye nilikuwa nimetuma lile swali, na sikuwaza mara mbili.

Nikakimbia kwa Wafula. Akampigia Nekesa, na Nekesa akawatumia wateja wote swali jipya: ng'ombe wako ni wa rangi gani?

Tuliporudi chumbani nikaeleza kila kitu kama nilivyoelezwa. Kwamba hawa ni wafugaji kamili, na mfugaji anajua ng'ombe wake kwa uso. Akikosekana mmoja jioni anajua ni yupi, bila kuhesabu. Kuhesabu hadharani ni kuita hasara.

Bwana Raghu akapiga meza. "Nyanya yangu!" akasema. Alipokuwa mtoto, nyanya yake alikuwa anampaka doa jeusi usoni kabla ya kutoka nje, ili asionekane mzuri sana, jicho baya lisimpate. "Lata, si hata wewe?"

Bi Lata akavua miwani. "Mama mkwe wangu anampaka mwanangu mpaka leo," akasema. "Na mwanangu yuko university."

Hapo ndipo chumba kilicheka. Lakini yule mama hakuwa wa kununuliwa na hadithi. "Nimewaelewa," akasema. "Bado siwezi kupeleka sifuri kwa wakubwa wangu. Nionyesheni watu."

Simu ya Wafula ikalia. Nekesa. Akamweka loudspeaker.

"Nyinyi mmefanya nini?" alikuwa anapiga kelele. "Simu imejaa! Nikifuta zinaingia zingine! Kuna mzee ametuma message saba, zote ni rangi, Kimaasai kitupu! Huyu mwingine ameandika na jina la mama ya ng'ombe! Sasa kompyuta imezima. Wafula, imezima na inanuka!"



Bi Lata akauliza Nekesa amesema nini. Wafula akatafsiri yote, hata kunuka.

Yule mama akarudisha miwani yake. "Basi mnahitaji server," akasema. "Mwaka mmoja. Tuanze na huo."

Wafula hakwenda Nairobi. Huduma ilikua, na tukaweka hata Kimaasai.

Funzo langu, wakuu: ukienda ng'ambo na biashara yako, wazungumzie watu wako kama walivyo, usiwakate ndio watoshee kwa screen ya mtu. Na kabla ya kulaumu mashine, angalia swali lako.

Niliporudi nilienda Rombo kumshukuru Mzee, nimebeba blanketi ya Bangalore. Akaipokea, akaikagua, akaingia bomani, akatoka na mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Akanipa.

Kwao Wamaasai, mkipeana ng'ombe mnaacha kuitana majina. Mnaitana Pakiteng. Tangu siku hiyo ndivyo ananiita, na mimi namwita hivyo hivyo. Na mtu akikupa ng'ombe, siku moja nawe unampa. Pesa hataki hata kuisikia. Nimempelekea beberu mara mbili, akawasifu, akawachinjia wageni, akasema hao walikuwa mbuzi.

Anataka mtamba, na rangi ameshachagua: kijivu, tumbo jeupe. Nimetafuta Kajiado, Bissil na Isinya sijapata.

Leteni maoni yenu, na mwenye ameona mtamba wa namna hiyo aniambie hapa chini. Mzee amezeeka sana, na mimi bado sijalipa.