Tosti, Mafuta Mingi

Mkate wa jana ndio wa tosti. Wa leo ni laini mno. Ukiuweka juu ya waya wa jiko unalegea na kunyonya moshi. Kata kipande kinene kama kidole gumba, acha makaa ya sigiri yavae majivu, halafu subiri. Usiondoke. Samli ipakwe tosti ikiwa bado inaunguza vidole, iingie mpaka ndani. Anayepaka samli juu ya tosti iliyopoa anajipaka mafuta mdomoni tu.

Kampala ya wanajeshi ilinifundisha kuuheshimu mkate, maana haukupatikana. Nilikuwa nimepanga foleni Kisenyi tangu alfajiri, binti yangu mgongoni, nikapata mmoja, nikaulaza. Asubuhi yake nikawasha sigiri mlangoni kwetu, Kibuli.

"Mama we, ingia ndani ufunge mlango," jirani yangu hajati akaninong'oneza. "Harufu imefika barabarani. Watasema una magendo."

"Hajati, kwani nimeiba?"

"Nani kasema umeiba? Ingia tu."

"Na sigiri ndani, tufe na moshi? Mtoto wangu hali mkate chini ya kitanda kama panya."

Nilitaka hilo tu. Binti yangu wa miaka mitatu ale tosti yake mlangoni, juani, kama mtu.

Yeye alipenda samli ichuruzike hadi kwenye kiwiko, na kila mara alidai, "Mafuta mingi!" Mwalimu wangu wa sekondari angetia wino mwekundu: ni mafuta mengi. Lakini Kampala nzima ilisema mingi. Tena Kampala nzima iliwaita hivyo hivyo, mafuta mingi, wale walionenepa kwa maduka waliyogawiwa na serikali baada ya Wahindi kufukuzwa. Jina hilo hukulitamka mbele ya mtu mwenye sare.

Mwenye sare akatokea. Askari, tumbo mbele.

"Wewe mama, mukate umetoa wapi?"

"Foleni, afande."

"Foleni gani? Nani anauza?"

Kabla sijajibu, binti yangu akainua kipande chake kikavu na kupaza sauti: "Mafuta mingi!"

Hajati akamtaja Mungu. Askari akanikodolea macho.

"Nani amemufundisha hii maneno?"

"Mimi. Anataka samli. Tosti bila samli ni ubao. Au siku hizi samli ina jina lingine?"

Akatazama kopo la samli. Akatazama tumbo lake. Kisha akauchukua mkate wote uliobaki kwenye kimeza kando ya sigiri, akaubana kwapani.

"Hii ni ushahidi."

"Sawa, afande. Ushahidi huo ukiuchoma, uupake samli ungali moto. Ukipoa hauna raha."

Hajati akanivuta gauni karibu lichanike. Askari alisimama, akanipima, nami nikampima. Akaenda zake na mkate wa mwanangu.

Kwenye waya kilikuwa kimesalia kipande kimoja, nacho kinaungua kwa sababu yake. Nikakikwangua kwa kisu, kwa nguvu, kwaru kwaru, barabara nzima isikie.

"Sasa basi ingia," hajati akanisihi.

Nikavuta kigoda, nikamkalisha binti yangu katikati ya mlango, nikachota kijiko kizima.

"Mingi?" nikamuuliza, kwa sauti.

"Mingi!"