Mwanamke wa Ukutani

Mama mmoja wa Frere Town, muuza mahamri na mbaazi, aliniita nimchoree ukuta wa mkahawa wake. Alitaka birika, sinia la mahamri na jua linalochomoza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kale, ya mawe na chokaa.

Ukutani palikuwa na doa la unyevu, refu kama mtu. Nilikwangua, nikapaka rangi ya kuzuia maji, nikachora jua juu yake. Asubuhi ya pili doa lilikuwa limerudi, na sasa lina mabega. Nikapaka tena. Siku ya tatu likawa na shingo, imeinama kidogo upande wa kushoto.

"Ni chumvi tu," nilimwambia mama. Nyumba za zamani huvuta chumvi kutoka ardhini, hilo nalijua. Ila chumvi inayoinamisha shingo sijapata kuiona.

"Kama hataki kufunikwa," akasema, "basi mchore."

Nikachukua kipande cha makaa, nikaufuata ukingo wa doa. Mkono ulikwenda wenyewe bila kusita, na hiyo si kawaida yangu. Mimi hufuta sana. Akatokea mwanamke aliyejitanda leso, amesimama. Uso nilijaribu mara mbili, mkono ukawa mzito. Nikauacha.

Adhuhuri akaingia bibi mmoja jirani, mteja wa kila siku. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Alikuwa akiutazama ukuta.

"Amesimama tangu lini huyu?"

"Tangu juzi."

"Amechoka, mwanangu. Mpe kigoda."

Sikucheka. Mama naye hakucheka. Aliacha kukanda unga. Nikamfuta yule mwanamke kwa kitambaa kibichi, nikamchora upya, safari hii ameketi juu ya kigoda cha miguu mitatu, kisha nikamjaza rangi hadi doa lote likafunikwa. Nilipomaliza nikaosha brashi. Bibi alikuwa amekwisha kunywa chai yake akaenda zake.

Ukuta ulikauka siku ile ile. Masika yakaja yakapita, doa halijarudi. Wateja husema mwanamke nimemchora kwa ufundi kuliko birika, na ni kweli, ingawa sifa hiyo huipokea shingo upande. Mimi bado hupita pale kula mahamri. Hukaa benchi la karibu na mlango, nimemwelekea yeye. Mgongo simpi.